Kiti Changu Kiwandani

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa dada,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini kile kikohozi kimekuachia na baridi ya huko mmeshaizoea. Sisi ni wazima. Mwanao, huyu kichanga wangu, ameota meno mawili na kazi yake ni kuning'ata, sijui karithi kwa nani.

Dada, nina jambo limenikaa rohoni. Unajua likizo yangu ya uzazi ilikuwa ukingoni, nami nilikuwa njia panda. Kuna siku niliitamani cherehani yangu, kushona kola za sare na kupiga soga na wenzangu. Kuna siku nikimnusa huyu utosini, naona kiwanda na kifungwe tu.

Basi shemeji yako akaanza upole. Mtu ambaye hajawahi kuuliza nepi zinakaa wapi, ghafla kila jioni ananiambia mtoto wa umri huu ni wa mama yake, kazi zipo tu. Nikajisemea, mh, huyu ana lake jambo.

Nikampigia simu msimamizi kumuuliza nirudi lini. Akanijibu kwa sauti ya kubembeleza: "Mtoto wa umri huu ni wa mama yake. Kazi zipo tu." Maneno yale yale, dada, na mpangilio ule ule. Hawa wawili wamekutana wapi? Nikaanza kumchunguza mume wangu hata anavyovua viatu. Nikawaza mwanamke, nikawaza ugonjwa, nikafika hata kuwaza kwamba wewe unajua na umeninyamazia. Niwie radhi. Kikulacho ki nguoni mwako, ila mimi nilikuwa naipekua kila nguo.

Alhamisi asubuhi nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kiwandani bila kumuaga mtu. Pale dirishani, kwenye cherehani yangu, juu ya mto wa viraka nilioushona kwa mikono yangu, amekaa wifi. Wifi huyu huyu anayekuja kumwogesha mwanangu.

Aliponiona, kola ikamdondoka. "Wifi, kaka aliniambia umeacha kazi mwenyewe, na nisikutajie, itakuuma," akasema. Nilimtazama sana machoni. Hakuwa anadanganya.

Nikamgeukia msimamizi mbele ya wote. "Sijaacha kazi. Jumatatu narudi." Akavuta daftari la zamu, akaliandika jina langu. Wifi amehamishiwa kwenye vifungo, na hatuna kinyongo.

Shemeji yako amekiri. Alimwona dada yake anahangaika na watoto wake, akaniona mimi nimo simo, akaenda kuongea na msimamizi, akidhani ananirahisishia. Nikamwambia neno moja: "Ungeniuliza, ningebaki."

Na ni kweli, dada, ndiyo inayoniuma. Kesho naamkia kazini. Mtoto nitamwacha kwa mama mlezi wa nyumba ya pili, niliyemkagua mpaka kucha na bado simwamini. Hadi sasa sijui kama naenda kwa kupenda, au namkomoa baba yake.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama anasema sauti yako ameisahau. Mungu akupe usingizi mtulivu na majirani wema.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda