Mguno wa Nalongo

Kwako Otieno, mjukuu wangu,

Hapa Nateete, huku kwa Waganda, tu wazima. Babu yako bado anabishana na redio. Tumemshukuru Mungu kusikia umetolewa ule mpira wa kupumulia kooni. Mama yako anasema hutaki kuongea kwa kuwa sauti inakwaruza, ila umeandika kuniuliza yangu ilirudi vipi.

Nilikuwa kijana, vita vya huku vimeisha juzijuzi, nauza maharagwe katika soko hili hili la Nateete. Nami nilitibiwa njia ya hewa kama wewe, sauti ikapotea. Ya hospitali tuyaache. Niliporudi kibandani nikawa najibu wateja kwa vidole.

Jirani yangu Nalongo, muuza matoke, hakukubali. Waganda wakimaliza kuulizana habari, huendelea kuguniana polepole, mm, mm, kila mmoja akimjibu mwenziwe. Zamani nilizikatiza salamu hizo, Mkenya mwenye haraka. Sasa Nalongo alikuja, akaketi, akaguna, akangoja. Wateja wake wakamwita.

"Ngojeni," akasema, "bado nasalimiana na huyu."

Nikaguna kwa hasira ili aondoke. Ulitoka mlio wa mlango mbovu. Akaguna tena, kana kwamba nimemjibu vizuri sana. Kesho yake akarudi, na kila asubuhi iliyofuata, mpaka mguno ukawa neno, mpaka nikaanza kugombana na wateja.

Jumapili baada ya kanisa nitakupigia simu. Usihangaike kutafuta maneno. Nitaguna, kisha nitangoja, na simu sikati.

Nyanya yako