Nimeiombea Laptopu Ijae

Serwaa, uko peke yako? Usisome hii mbele ya wanakwaya.

Leo nilikwenda madukani Adum kununua laptopu ya masomo ya jioni. Nikaona moja mpya, nyembamba, inang'aa. Moyo ukatulia, nikajua Bwana amejibu. Nikatoa mafuta ya upako mkobani, nikaipaka palepale dukani, nikaomba kwa sauti: "Bwana, ijaze hadi imwagike." Wateja wote wakaitikia amina.

Muuzaji, binti anayeitwa Abrafi, hakuitikia. Akaniuliza taratibu, "Maame, utaweka nini humu?"

Nikamwambia ni masomo, na video zote za marehemu mama akiomba alfajiri. Video za miaka tisa, Serwaa, na simu imejaa pomoni. Nilikuwa nizihamishe, kisha nizifute simuni.

"Simu yenyewe ina nafasi kiasi gani?"

Sikujua. Akaitazama. Giga 128. Laptopu giga 64, na karibu nusu imeshaliwa na programu ilizokuja nazo.

Yaani simu yangu ni kubwa kuliko laptopu. Simu, Serwaa.

"Maame, kwa hii sala yako itajibiwa kabla ya Jumapili," akasema. "Nilitaka kunyamaza, lakini baada ya amina ile nitakuuziaje?"

Duka zima lilicheka. Nami nilicheka hadi kilemba kikanidondoka.

Kwa bei ileile akanipa iliyotumika, ina mkwaruzo mgongoni, giga 512. Video zote zimeingia. Mama anaomba hapa mezani sasa hivi.

Hii nayo nimeipaka mafuta. Ila safari hii nimeomba ibaki na nafasi.