Rufaa Iliyongoja Jumapili

Gakii, acha unachofanya usome. Kesi imekufa kabla ya kuanza. Kile kituo cha mafuta watakijenga, ukuta kwa ukuta na kaburi la mzee wangu.

Kaunti ilipokubali ujenzi tulipewa siku kumi na nne za kukata rufaa. Nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni hapa mtaa wa Najma, kwenye nchi ya Waarabu. Ya mwisho ikaangukia Ijumaa.

Alhamisi Fabian, yule askari wa lango letu, alinijia na karatasi za rufaa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. "Shosho, weka sahihi nizitume kwa wakili sasa hivi."

Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Nenda ulale, mwanangu. Siku ya mwisho ni kesho Ijumaa, ofisi zimefungwa. Watapokea hata Jumapili."

Mimi, Gakii! Mimi ndiye niliyemwambia akalale!

Miaka sita nalea wajukuu huku, ambako Ijumaa ni mapumziko na Jumapili ni siku ya kazi, nimesahau kwamba nyumbani Ijumaa watu wako kazini.

Leo tumetuma asubuhi na mapema, na wakili akanipigia. "Mama, muda uliisha juzi."

Nikamuuliza, "Juzi si Ijumaa? Si mapumziko?"

Akajibu kwa upole kabisa, "Huko kwenu ni mapumziko. Hapa tulikungoja mpaka ofisi ikafungwa."

Huko kwenu! Kwetu ni pale kaburi lilipo.

Sasa hivi Fabian amebisha, anauliza kama karatasi zilifika. Nimemwambia zilifika. Nikamshukuru, nikamkaribisha chai.