Kopo la Baba, Chupa za Mama

Mombasa, 4 Machi 1946

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Zein,

Naubusu mkono wako na wa mama. Mimi na nyumba yangu tu wazima, alhamdulillahi. Natumai huko Malindi goti lako limetulia.

Baba, Bwana Allarakha, yule muuza kanga, ameniletea motokaa yake kuukuu ya mwaka wa thelathini na nne. Mafundi wawili walimkatalia. Kwangu imeunguruma siku ya tatu! Wallahi ungeisikia ungetabasamu. Lililobaki ni breki. Mafuta ya breki ya kiwanda hayaonekani Kilindini tangu vita, na bintiye Zarina anaolewa Jumamosi tarehe 27 Aprili. Gari ya bibi harusi haina budi kuteremka ule mteremko wa feri ya Likoni.

Fundi jirani ananiambia nitie mafuta ya injini, ati mafuta ni mafuta. Mimi nataka kuchanganya mafuta ya mbarika, kama anayokamua mama, na spiriti. Lakini ubao wa mlangoni mwa karakana una jina lako. Sitii tone bila neno lako.

Mwanao,
Muhdhar

Malindi, 13 Machi 1946

Mwanangu Muhdhar,

Salamu zako zimefika, nasi sote salama. Goti lina maneno yake, usilijali. Habari ya gari kuunguruma siku ya tatu nimewasomea majirani mara mbili.

Ama breki, hapana. Kopo la kiwanda, au gari ilale. Mbarika ni ya nywele na matumbo ya watoto!

Sasa nikwambie nililokuficha. Rafiki yangu Chirau hakuvunjika mguu kwa kuanguka ngazini. Mwaka wa thelathini na tisa kopo lilinikwishia, nami kwa kiburi nikatia mafuta ya injini kwenye breki. Baada ya siku chache mipira ya breki ikavimba, na pale Likoni gari ikaingia majini hadi milangoni, Chirau kwenye usukani. Mguu wake ule ni kazi yangu. Yeye aliitunza siri. Mimi niliona haya.

Kopo langu la mwisho, nililolinunua baada ya ajali ile likakaa kabatini miaka saba, nimempa dereva wa basi akuletee.

Babako,
Zein

Mombasa, 29 Machi 1946

Baba yangu,

Salamu nyingi, huku afya tele. Barua yako niliisoma nikakaa kitako. Heshima yako kwangu haikupungua hata chembe, imezidi.

Kopo limefika, lakini limeliwa na kutu kwenye mshono, na ndani yamebaki mafuta ya vidole viwili. Nikayanusa. Baba, ni harufu ya jikoni kwa mama! Nikadhani pua inanichezea, nikamwita mke wangu Swabaha. Naye, sijamwambia kitu, akauliza ni nani amekamua mbarika.

Basi nikachukua vikombe vitatu vya kahawa. Cha kwanza mafuta ya kopo, cha pili mbarika na spiriti, cha tatu mafuta ya injini. Kila kimoja nikatia kipande cha mpira mpya wa breki, siku kumi. Mpira wa mafuta ya injini umevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai. Ile miwili mingine nimeipima, iko vilevile.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Muhdhar

Mombasa, 14 Aprili 1946

Baba,

Hamjambo? Natumai ni posta tu, si maradhi. Zimebaki siku kumi na tatu. Bwana Allarakha amekuja mara nne, nami nimemwambia gari haiteremki kutoka juu ya magogo iliyopandishwa mpaka babangu aseme. Amekasirika, ati mwanamume mzima mwenye ndevu anangoja ruhusa! Nimemjibu, ndiyo, nangoja.

Mwanao,
Muhdhar

Malindi, 19 Aprili 1946

Mwanangu,

Mzima mimi, na mamako mzima. Sikunyamaza kwa hasira. Nilimwomba dereva wa basi vipande vya mpira, nikatwaa vikombe vya mamako pasi ruhusa, nikajaribu mwenyewe. Wewe umeweka siku kumi. Mimi nimeweka kumi na mbili, maana mimi ndiye baba.

Umesema kweli. Pua yangu ilikufa zamani kwa petroli na tumbaku, la sivyo ningejua miaka yote hiyo kwamba mafuta ya kopo ninayoyatukuza yanakamuliwa jikoni mwangu.

Tia. Lakini kwanza teremka Likoni mwenyewe, gari tupu, mara tatu. Mamako amekukamulia chupa nne, zinakuja na basi.

Babako,
Zein

Mombasa, 28 Aprili 1946

Baba na mama,

Nawabusu mikono yote minne. Alhamisi niliteremka mara mbili peke yangu. Mara ya tatu nikamkuta Chirau juu ya mteremko na fimbo yake, sijui nani alimwambia. Akafungua mlango, akaketi mbele. Nikamwambia baba amesema gari tupu. Akasema, "Babako hayupo. Twende."

Katikati nikakanyaga breki. Gari ikasimama, hata fimbo haikuanguka. Chirau akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwandikie Zein," akasema. "Mwambie imesimama."

Jana bibi harusi amevuka salama, na Bwana Allarakha anajisifu mji mzima kana kwamba ameitengeneza yeye. Mafundi watatu wameshaniomba chupa. Nimezibandika karatasi: Badala ya Mafuta ya Kiwanda.

Mwanenu,
Muhdhar

Malindi, 7 Mei 1946

Mwanangu,

Tu wazima. Neno la Chirau nimelisoma, nikatoka uani kidogo, nikarudi. Nakuonea fahari, nami sitalisema mara mbili.

Mamako nilipomsomea habari ya karatasi aliweka mchi chini. Anasema zibandue zote. Yeye anakamua kama alivyofunzwa na mamake, na mamake na nyanyake, kabla motokaa haijazaliwa. "La badala," anasema, "ni lile kopo." Andika jina lake, Mwanaesha, kwa herufi kubwa, na usiandike kitu kingine.

Chupa sita zinakuja na basi.

Babako, kwa amri ya mamako,
Zein