Wageni wa Meya Jikoni Kwangu

Egon, uko nyumbani? Usicheke. Watu kumi na wanne wameingia jikoni kwangu nikiwa na chupi tu, namenya viazi. Kumi na wanne!

Ni yule Meya Strobel. Leo ni siku ya kuwafungulia watalii nyumba za kale kama yangu, na mimi sikuulizwa. Nilikwenda tu kununua mikate ya Jumapili, huku nyuma wakabandika bango mlangoni: KARIBUNI NDANI. Nami nikarudi kupitia uani, sikuliona.

Nikawaambia, "Tokeni, mbwa nyie!" Wakapiga makofi. Gundula anayewatembeza akasema, "Huyu ndiye mwenyeji wa enzi za tauni, mnaona alivyo mkali?" Kila nikitukana, makofi. Walidhani nimekodiwa na halmashauri niigize, Egon. Nimekodiwa! Na chupi yangu mwenyewe!

Halafu mama mmoja wa Hamburg akakaa kwenye kiti cha Hiltrud. Unakijua. Tangu azikwe hakuna makalio yaliyokigusa, hata yako.

Hapo sikupiga kelele. Nikasema, "Mama, inuka. Hicho ni cha mke wangu. Amekufa."

Akanitazama kwa huruma. "Masikini! Tauni?"

"Figo," nikamwambia. "Machi ya mwaka juzi."

Kisha wakapiga makofi kuliko mwanzo, mmoja akafuta machozi. Wamempigia makofi Hiltrud wangu kwa kufa.

Sasa hivi Strobel kanipigia simu. Kundi la pili linakuja saa tisa, eti niwaambie tena ile ya figo.

Nimekibeba kiti mgongoni, napumzika kwenye ngazi za kanisa. Nifungulie mlango wako wa nyuma.