Madirisha ya Mtu Aliyelala

Garsen. Jumatano, Februari 1999. Jua kali tangu asubuhi, kaskazi kavu, midomo imenipasuka.

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka mpaka leo: mlio wa mkeka mkavu unapokunjwa kutoka chini kwenda juu. Kwaraa, kwaraa, kisha kimya, kisha hewa. Kila siku jua lilipofika utosini, mama alitoka nje, akachota vumbi kidogo kwa vidole, akaliachia na kutazama linakoelekea. Halafu alizunguka nyumba yetu ya fito na mikeka hadi upande unakotoka upepo, akainama, akainua mikeka kiasi cha mkono mmoja kutoka ardhini, akaifunga kwa kamba. Mimi nilikuwa nimelala ndani, shavu kwenye ngozi ya ng'ombe. Nilisikia mlio kwanza, halafu upepo ukanipita mwili mzima, kuanzia nyayo.

Lile lilikuwa dirisha. Sikujua. Sikuliita jina lolote.

Kwetu Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye hukata fito, yeye hushona mikeka, yeye huisimamisha, na siku ya kuhama yeye huifungua na kuipakia juu ya punda. Mwanamume huingia kama mgeni aliyekaribishwa. Nilikua nikiliona jambo hili ni la kawaida kama kukamua, mpaka nilipopelekwa shule ya bweni. Likizo moja ilipokaribia, msichana wa kitanda cha jirani aliniuliza mbele ya bweni zima, "Halima, safari hii nyumba yenu utaikuta wapi?"

Walicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Naandika haya kwa sababu nataka kuwa mkweli kuhusu madirisha.

Mafuriko ya mwaka juzi yaliondoka na fito za mama na mikeka yake yote. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa hapa kufundisha sayansi, na kaka yangu Barisa ana kazi ya ofisi kule Hola. Tukakubaliana tumjengee mama nyumba ya matofali hapa Garsen, karibu na hospitali, maana presha yake ilikuwa imeanza kupanda na muuguzi alitaka kumwona kila wiki. Barisa alisimamia mabati na saruji. Madirisha aliniachia mimi. "Wewe ndiye msomi," alisema.

Nikachagua. Madirisha mawili mapana ya fremu za chuma, yaliyoletwa kutoka Malindi, kila moja na kioo kikubwa kisichofunguka katikati na vibawa viwili vyembamba pembeni. Nikamwambia Fundi Katana ayaweke yote mawili ukuta wa mbele, usawa wa kifua, yakitazama barabara. Barabara iko magharibi. Kwa hiyo kuanzia saa nane mpaka jua kuzama, kila mwali unaingia ndani na hautoki.

Mimi ndiye ninayesimama mbele ya Kidato cha Pili na kuchora mishale ubaoni: jua linapita kwenye kioo, linapasha sakafu moto, na ule moto hauwezi kutoka kwa njia uliyoingilia. Wanafunzi wananakili. Nawapa alama kwa kunakili vizuri.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba sikujua.

Nilitaka watu wanaopita barabarani waone vioo vikimetameta. Nilitaka yule msichana wa kitanda cha jirani, popote alipo, siku moja apite na basi la Mombasa aone kwamba nyumba yetu iko palepale. Mama sikumuuliza neno. Nyumba yake ya kwanza ambayo hakuijenga kwa mkono wake, na sikumuuliza hata upande wa mlango.

Alihamia wiki iliyopita. Siku ya kwanza alikaa ndani kwa heshima yetu. Siku ya pili alihamisha kitanda chake cha kamba mara tatu. Siku ya tatu nilimkuta amejilaza nje kwenye saruji ya baraza la nyuma, upande wa mto, chini ya kivuli cha mabati, kanga ameilowesha maji na kujiwekea kifuani. Anahema. Nilimpeleka hospitali. Muuguzi alipima, akapima tena, akaniuliza mama analala wapi. Nikasema, kwenye nyumba mpya. Nilisema kwa aibu.

Jumapili Barisa alikuwepo. Tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya nyumba mama alipotamka, bila hasira, "Wanangu, mmenijengea chungu, sasa mnanitia humo niive. Mnirudishe malishoni."

"Malishoni hakuna hospitali, mama," nikasema.

"Na humu hakuna hewa. Niende nikafie wapi, chagua wewe."

Nikamwambia tutaongeza madirisha, tutayafanya makubwa zaidi. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayemkamua ng'ombe upande usio wake.

"Halima, hayo madirisha yako umemwekea nani? Yako juu pale kifuani. Nani analala amesimama?"

Barisa alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikauliza, je, tukiyashusha chini, usawa wa kitanda? Akazidi kucheka. "Dirisha la magotini! Mbuzi wa jirani ataingiza kichwa asalimie, nyoka naye afuate nyuma. Na wezi je? Hapana, mwalimu. Ijumaa nakuja na gari namrudisha mama kwake. Nyumba tutapangisha."

Mama aliendelea kujipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Jumatatu nilirudi kutoka shuleni saa tisa, nikaingia chumbani mwa mama, nikafanya nilichopaswa kufanya kabla tofali la kwanza halijawekwa. Nililala chini. Hapakuwa na chochote, hewa imelala pamoja nami. Nilipiga magoti, joto likanishika masikio. Nilisimama, na kule juu karibu na mabati hewa ilikuwa kama ya kufunua sufuria inayochemka, haina pa kutokea. Nikatoka baraza la nyuma alikojilaza mama. Kaskazi ilikuwa inapita hapo tangu asubuhi, ikitafuta mlango kwenye ukuta ambao sikuuachia hata tundu.

Nikakaa chini kando yake nikamuuliza. Nadhani tangu nimalize shule sikuwahi kumuuliza mama jambo na kungoja jibu lote.

Alichukua kipande cha mkaa akachora kwenye saruji. Huku kaskazi hutoka, miezi hii. Huku kusi, mvua zikija. Zote mbili huja kwa upande wa mto, moja bega la kushoto, nyingine bega la kulia. Upande wa jua linakozama unaziba, hata mwanga usipite. Chini unafungua, kwa sababu upepo wa kumpoza mtu hutambaa. Juu kabisa unaacha nafasi, kwa sababu moshi na joto ni ndugu, hupanda pamoja. Alichora kama anayeandika jina lake. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na sita kulijua jambo lile, na yeye alikuwa akilifanya akiwa na mtoto mgongoni.

Lakini nitakuwa mwongo nikiandika kwamba niliamua palepale. Usiku mzima niliviwaza vile vioo. Niliona ukuta wa mbele ukiwa tupu, mweupe, kama ghala la mahindi, na watu wakipita na kusema binti msomi amejenga stoo.

Jana nilimwita Fundi Katana. Nilimweleza: ukuta wa magharibi uzibwe kwa matofali, na chini ya mabati aweke safu ya matofali ya matundu, joto lipate pa kutokea. Ukuta wa mto atoboe madirisha mawili, moja kila pembe, kuanzia kiganja kimoja juu ya sakafu. Vyuma vya kuzuia wezi, wavu wa nyoka na mbu, na nje milango midogo ya mwarobaini yenye mbao za kulazwa, ifunguke upepo ukiwapo na ifungwe mvua ikija.

Katana alivua kofia akajikuna. "Mwalimu, mie na vioo vile nilivileta na mikono yangu toka Malindi, sikulala njia nzima. Sasa wanambia nivitoe nitie mbao, tena chini huku? Watu watasema Katana alilewa."

"Waambie mwenye nyumba ndiye aliyetaka."

"Mwenye nyumba ni wewe ama kaka?"

"Ni mama."

Alimgeukia mama, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii. Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alilala sakafuni kwa ubavu, akanyoosha mkono akagusa ukuta mbele ya uso wake. "Anzia hapa," akasema. "Na uishie hapa, nikikaa kitako nikuone unavyokuja kudai chai." Katana alicheka, akainama, akaweka alama mbili za chaki mahali pa mkono wake.

Leo asubuhi sana alianza kugonga. Sikwenda kuangalia vioo vikitolewa, nilikuwa darasani. Mwalimu mkuu amekubali kuvipokea kwa chumba cha vitabu, kilicho upande wa kivuli. Saa nane niliporudi, ukuta wa magharibi ulikuwa umezibwa na saruji bado mbichi. Ukuta wa mto una matobo mawili ya magotini, bila vyuma, bila mbao, kingo zimechongoka. Katana ameahidi vyuma kesho. Mama alikuwa ndani. Ndani, na jua liko juu. Alikuwa amelala kwenye mkeka kati ya matobo mawili, na ncha ya kanga yake ilikuwa inacheza.

Sikumwamsha kumuuliza kama atakaa.

Niliketi mlangoni nikamwandikia Barisa. Barua fupi: Ijumaa usije na gari. Nyumba haipangishwi. Dawa zake ziko hapa na muuguzi wake yuko hapa. Kama una neno, njoo wewe mwenyewe ulale sakafuni saa nane ya mchana, halafu useme. Nikaikunja, nikampa dereva wa gari la Hola mkononi, nikasimama pale stendi mpaka likaondoka.

Saa hizi itakuwa imemfikia.