Jiwe la Kanyere na Magoti Yangu

Nyakasanza, Bunia
Tarehe 14 Julai 2023

Mpendwa mjukuu wangu Fabrice,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kazi ya mikate inaendeleaje huko Lubumbashi? Nasikia mwezi huu baridi ya asubuhi inauma huko kwenu. Uvae sweta ukitoka kwenda kwenye tanuri, kwa maana kifua chako nakijua tangu utoto.

Mimi bado niko. Miguu imevimba, na moyo unapanda vilima hata nikiwa nimelala. Daktari ananiambia nipunguze chumvi, lakini macho yake yanasema mengine. Nimefundisha darasani karibu maisha yangu yote, najua uso wa mtu anayeficha jibu. Usifadhaike. Nimekula miaka mingi kuliko ndugu zangu wote.

Mji umetulia, na utulivu wetu unaujua: soko linajaa, harusi zinafungwa, na giza likiingia kila mtu anasikiliza mbwa. Watu waliokimbia kutoka upande wa Kpandroma wengi bado wako kambini; wachache wamerudi kulima. Viazi vya huko vimeanza kuonekana tena sokoni. Tunanunua, tunashukuru, hatuulizi sana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe kalamu.

Ulipopiga simu siku ya Pasaka, shangazi yako Angélique aliweka sauti kubwa ili wote tukusikie. Ulisema juu ya vitu vya marehemu bibi yako: «Tante, mukigawa vitu vya mukaka Domitille, miye sitaki kitu ingine. Munipe tu jiwe.» Angélique alicheka mpaka akashika ukuta. «Jiwe ya kusagia? Weye mwanaume? Fabrice, sema ukweli, unataka kuolewa?» Nyumba nzima ikacheka. Ukasema mtandao ni mbaya, ukakata.

Mimi pia nilicheka. Tangu siku ile kicheko hicho kimenikaa kooni, kwa sababu katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyekuwa sina haki ya kucheka.

Jiwe unalijua, lakini habari zake ulisikia nusu. Mama yangu, Kanyere, alilipata kwa mama yake kule milima ya Lubero. Alipomfuata baba kuja kufanya biashara Bunia alilibeba lote: lile kubwa lenye shimo katikati, tunaloliita mama, na lile dogo la kushika mkononi, tunaloliita mutoto. Wenzake walibeba magodoro. Alizaa wavulana watupu, kwa hiyo alipokufa jiwe lilikwenda kwa mkamwana wake, ndiye bibi yako Domitille. Mama alikuwa akituambia kwamba mwanaume akiligusa litapasuka. Tulipokuwa wadogo tulilipita kwa mbali kama moto.

Kila mtu katika ukoo anajua pia habari ya mwaka ule wa vita, 2003. Mashine za kusaga zilinyamaza kwa kukosa mafuta, na Domitille, ingawa alikuwa mgonjwa, akasaga mahindi kwa mikono yake akalisha ua mzima. Siku ya maziko yake katekista aliieleza habari hiyo vizuri sana, watu wakalia.

Fabrice, Domitille hakusaga.

Mgongo wake ulikuwa umekataa kabisa. Hata kukaa tulikuwa tunamwinua. Mahindi yalikuwepo, mfuko mmoja uliobaki katika duka letu. Baba yako Léon na mama yako walikuwa wamekwama Beni, na wewe ulikuwa nasi, una miaka mitano, unalia njaa. Nilifunga mlango, nikapiga magoti mbele ya jiwe, nikasaga mimi.

Lakini sauti ya jiwe haifichiki. Ilivuka ukuta, na upande wa pili alikuwepo Mama Pétronille mwenye masikio yake. Ndipo Domitille, akiwa amelala pale pale kwenye mkeka, akaanza kuimba wimbo wa kusagia. Mikono ilikuwa yangu, sauti ilikuwa yake. Pétronille akapaza sauti: «Mama Léon! Jana ulisema unakufa, leo uko na nguvu ya ng'ombe?» Domitille akamjibu: «Acha wivu, leta sahani!»

Pétronille hasikii Kinande, lugha yetu ya Lubero, na hiyo ilikuwa bahati yangu, kwa maana ndani ya wimbo ule mke wangu alikuwa akinitukana. Aliimba kwamba mwalimu anamwaga bunga, ule unga mzuri, kwamba ashushe kiwiko, kwamba hata mbuzi angesaga vizuri kuliko yeye. Nilipokwenda haraka alipunguza mwendo wa wimbo, nami nikapunguza. Ndivyo nilivyofundishwa. Magoti yalichubuka. Walioniona nikichechemea kwenda kukomunika kanisani walidhani nimesali sana.

Kuna jambo ambalo hata yeye sikumwambia. Ule mutoto una kishimo ubavuni, mahali pa kidole gumba. Mwanzoni kilinibana, nikadhani ni kasoro ya jiwe. Siku zilivyokwenda kidole kikazoea, nikatambua kwamba kishimo kile hakikuchongwa na fundi. Kilichimbwa na vidole: vya mama yangu, vya mama yake, na vya wengine ambao sijui hata majina yao. Tangu tumzike mama sikuwa nimemshika mkono. Siku ile nilimshika. Mahindi yaliisha nami bado nasukuma jiwe tupu, mpaka Domitille akaniuliza kwa kuimba kama nimekuwa kichaa.

Na jiwe halikupasuka.

Vita vilipotulia nilimwomba asiseme. Nilikuwa mwalimu, nilisimama mbele ya wanaume wenzangu, niliogopa kuchekwa. Akabeba sifa isiyo yake mpaka kaburini. Kila walipompongeza alinitupia jicho, akawaambia: «Asanteni, ni Mungu.»

Jumamosi iliyopita nilimwita Angélique nikamweleza yote. Wakati wa vita vile alikuwa ameolewa Boga, hakuona kitu. Akafuta meza iliyokuwa safi. «Papa, kumbe Mama alikuwa anatuimbia uongo?» Nikamwambia mwongo ni mimi. Akafuta tena meza. «Na miye nikamucheka ule mutoto wa Léon.» Nilipomwambia nataka jiwe liende kwako, akainuka akaingia chumbani kwake. Lilipaswa kuwa lake, na la binti yake Sandrine baada yake, kwa hiyo ana haki ya kuumia. Nilimwacha. Asubuhi nilikuta mutoto amefungwa ndani ya kitenge kizuri cha Angélique, kile anachovaa kwenye harusi tu. Fundo lilikuwa la mkono wake.

Moïse, mtoto wa rafiki yangu Michel, anapanda ndege kuja kwenu kwa biashara zake. Ndiye anayekuletea barua hii pamoja na kifurushi hicho. Amelalamika sana juu ya uzito. Mpe mkate, atanyamaza.

Jiwe kubwa linabaki hapa jikoni. Ndege italiweza, lakini mimi sitaki. Mutoto ametangulia kwako. Mama yake uje umchukue wewe mwenyewe, barabara zikiruhusu na roho yako ikitaka. Ukinikuta, nitakuonyesha jinsi ya kuligonga-gonga kwa jiwe gumu linapokuwa laini na kuteleza, ili lirudie makali. Usiponikuta, muulize Angélique. Atakucheka kidogo tu. Usilioshe kwa sabuni. Na uanze na ulezi, usianze na mahindi, mahindi yatakuvunja moyo.

Baba yako Léon anakusalimu kutoka Beni. Sandrine anakusalimu. Mama Pétronille bado yuko, haoni vizuri lakini masikio ni yale yale, na kila wiki anauliza kama umeoa. Msalimie Olivier unayeishi naye.

Nimebakiza moja. Katika siku zile za kusaga, uliamka usingizini ukanikuta nimepiga magoti. Uliniuliza mimi babu yako: «Sokulu, unafanya nini?» Nikaona aibu hata mbele ya mtoto wa miaka mitano, nikakujibu: «Ninasali.» Ukaja taratibu, ukapiga magoti kando yangu, ukafumba macho, ukaweka kiganja chako juu ya jiwe. Domitille alicheka mpaka mgongo ukamwadhibu.

Ukilipata jiwe lote, piga magoti usage. Mtu akiingia akakuuliza unafanya nini, usimjibu kama nilivyokujibu mimi. Mwambie unasaga.

Mungu akubarikie mikono yako, na magoti pia.

Ni mimi, nikupendaye tangu ulipokuwa na bunga usoni,

Sokulu wako,
Anaclet Katsuva